Jina la Chuo na Kazi ya Mtu: Shahada ya Kwanza au ya Pili?

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo siku hizi limeingia katika vyumba vya walimu, katika ofisi za serikali, na hata katika nyumba zetu wakati wa matokeo ya kidato cha sita. Jambo lenyewe ni hili: katika safari ya kazi ya mtu, ni lipi lenye uzito zaidi, jina la chuo kikuu alichopatia shahada ya kwanza, au jina la chuo kikuu alichopatia shahada ya pili?

Wako watakaosema kwamba hilo ni swali la watu walioshiba. Mimi sikubaliani nao. Ni swali linalogusa mfuko wa mwalimu na moyo wa kijana. Marekebisho ya mwaka 2016 ya sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu yaliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kwa mnufaika aliyeajiriwa. Basi mwalimu ambaye bado anakatwa kiasi hicho kwa ajili ya shahada yake ya kwanza, akishawishika kukopa tena, safari hii benki, ili akasome shahada ya pili katika chuo chenye jina kubwa, anastahili kuelezwa ukweli kama jina hilo litamlipa au halitamlipa. Na kijana wa miaka 21 aliyepata nafasi katika chuo ambacho jirani zake hawajapata kukisikia, anastahili kuelezwa kama mlango wa maisha umefungwa au la.

Nitatoa jibu langu tangu mwanzo, ili ndugu zangu mnipime kwa hoja nitakazozileta. Kila kazi ina bawabu wake, yaani mtu au chombo kinachochagua nani aingie na nani abaki nje. Jina la chuo lina uzito pale tu ambapo bawabu huyo analitazama, na kwa kiasi kile tu anacholitazama. Ziko kazi ambazo bawabu hutazama chuo cha kwanza. Ziko ambazo hutazama cha mwisho. Katika utumishi wa umma wa nchi yetu, bawabu hakuagizwa kutazama jina. Ugomvi wetu mwingi juu ya shahada ipi ni bora unatokana na kuchukua desturi ya mlango mmoja na kuipeleka kwenye mlango mwingine.

SWALI LENYEWE NI CHANGA

Kwanza tukumbuke kwamba wazee wetu hawakuwa na swali hili. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba, 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na tarehe 1 Julai, 1970, kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Mpaka mwaka 1984, kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja. Mtu aliyesema ametoka Mlimani alikuwa amesema yote. Hakukuwa na Mlimani mwingine wa kumlinganisha naye.

Katika miaka hiyo, jina lililotafutwa lilikuwa la ng'ambo. Aliyerudi kutoka London au Moscow na shahada ya pili alitazamwa kwa jicho la pekee, wakati mwingine kwa haki, kwa sababu alirudi na ujuzi usiopatikana hapa, na wakati mwingine kwa kasumba tu, kwa sababu alirudi na koti zito. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba kwa kizazi kile shahada ya kwanza ilikuwa ya wote sawa, na tofauti ya majina ilianzia kwenye shahada ya pili.

Mambo yalibadilika kuanzia miaka ya 1990. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Vyuo vikuu vya binafsi na vya mashirika ya dini vikafuata. Mzumbe kikawa chuo kikuu mwaka 2001, na mwaka 2007 vikaongezeka Dodoma, Muhimbili na Ardhi. Leo vijana wawili wa kijiji kimoja waweza kusomea ualimu katika vyuo viwili tofauti, na mmoja akamcheka mwenzake. Hilo ni jambo jipya kwetu, na kwa kuwa ni jipya, tumelipokea pamoja na maneno yaliyotungwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Hapa nitaje jambo moja linalowashangaza wengi. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943, akapata stashahada ya ualimu, kisha akafundisha Tabora. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh na mwaka 1952 akarudi na shahada ya M.A. Wengi wetu tukiona herufi hizo tunadhani ni shahada ya pili. Sivyo. Kwa desturi ya vyuo vikongwe vya Scotland, M.A. ya fani ndiyo shahada ya kwanza. Mtu aliyeliongoza taifa hili tangu uhuru hadi mwaka 1985, ukiacha shahada za heshima alizotunukiwa, alisomea shahada moja. Wala watu hawakumwita kwa jina la Edinburgh. Walimwita kwa kazi aliyoifanya Tabora na Pugu.

WENZETU WANAFANYAJE

Yafaa sasa tutazame nchi tatu ambazo majina ya vyuo yana nguvu kubwa kuliko kwetu, tuone mabawabu wao wamesimama wapi. Nimezichagua kwa sababu kila moja inatoa jibu lake.

Ya kwanza ni Ujapani. Kule, kwa miaka mingi, makampuni makubwa na wizara zimekuwa zikichagua vijana wanapokaribia kumaliza shahada ya kwanza, na mtu akishaingia hupandishwa humo humo. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Tokyo kilisifika kwa kutoa maofisa wa wizara tangu enzi za wafalme wao wa karne ya 19. Bawabu yuko mwanzoni mwa njia. Ndiyo maana mtu anayetoka chuo cha kawaida kisha akaenda kuchukua shahada ya pili katika chuo kikubwa husemwa, kwa maneno ya kejeli ya Wajapani wenyewe, kwamba anafua cheti chake kama mtu anavyofua nguo. Jina la pili halifuti la kwanza.

Ya pili ni Ufaransa. Huko njia ya kufikia ukubwa wa serikali ilipita katika shule moja ya mwisho, Shule ya Taifa ya Utawala, iliyoanzishwa mwaka 1945. Mtu aliingia humo kwa mtihani baada ya masomo yake ya juu. Marais wanne, Giscard d'Estaing, Chirac, Hollande na Macron, walipita katika shule hiyo. Bawabu alikuwa mwishoni. Lakini manung'uniko ya wananchi kwamba shule ile imekuwa ya watoto wa wakubwa yalikuwa mengi hata Macron mwenyewe akaifunga mwishoni mwa mwaka 2021, na mahali pake ikaanza taasisi nyingine tarehe 1 Januari, 2022.

Ya tatu ni Marekani, ambako jibu hubadilika kwa kazi. Sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza. Katika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa hali ilivyokuwa mwaka 2024, majaji wanane kati ya tisa walisomea sheria Harvard au Yale. Lakini shahada zao za kwanza zilitoka mahali mbalimbali, na mmoja wao, Jaji Clarence Thomas, alipata yake katika chuo kidogo cha Holy Cross. Kwa wanasheria hao, jina la mwisho ndilo lililofungua mlango. Kwa wahadhiri ni vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba kati ya wahadhiri waliosomea udaktari wao ndani ya Marekani, wanane katika kila kumi walitoka katika takriban sehemu moja ya tano tu ya vyuo vikuu. Bali katika malipo mambo hayako hivyo. Profesa Joni Hersch wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alionyesha kwamba wenye shahada za juu kutoka vyuo vya fahari, lakini ambao shahada zao za kwanza zilitoka vyuo vya kawaida, walikuwa wakilipwa kidogo kuliko wenzao waliokuwa na fahari hiyo tangu mwanzo.

Ndugu zangu, mwaona kwamba hakuna sheria moja ya dunia nzima. Asiyejua bawabu wa kazi yake yuko wapi anaweza kulipa nauli kubwa kwenda kwenye mlango ambao haumhusu.

BAWABU WA UTUMISHI WA UMMA

Sasa turudi nyumbani. Chukua tangazo lolote la kazi la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Utakuta limetaja shahada au stashahada ya fani fulani kutoka vyuo vinavyotambuliwa na Serikali. Neno ni kutambuliwa. Halikutaja Mlimani, wala Mzumbe, wala chuo cha ng'ambo. Kisha waombaji huitwa kwenye usaili wa kuandika na wa mahojiano. Kijana wa chuo kisichovuma aliyesoma vizuri na kijana wa chuo kinachovuma huketi chumba kimoja na kupewa karatasi moja.

Kwa walimu jambo ni wazi zaidi. Mwalimu mwenye shahada anapoajiriwa huanza katika ngazi ya mshahara ya TGTS D, awe ametoka chuo gani. Jina la chuo halimwongezei hata shilingi moja. Kupanda kwake baadaye kunategemea muda, bajeti, na utendaji wake wa kazi unaopimwa kila mwaka.

Taaluma nyingine nazo zina bawabu wa sheria anayesimama baada ya chuo. Mhasibu hutakiwa kushinda mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ndipo apate cheti cha CPA. Mhitimu wa sheria anayetaka kuwa wakili hupitia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo katika taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Daktari hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa. Katika milango hiyo yote, anayepita hupita kwa alama na kwa kazi ya mikono yake. Mhasibu mwenye CPA na shahada ya chuo kidogo hulala usingizi kuliko mwenye shahada ya chuo kikubwa ambaye mitihani ya Bodi imemshinda.

Na liko tukio ambalo kila mtumishi analikumbuka. Tarehe 28 Aprili, 2017, iliwasilishwa mbele ya Rais Magufuli, mjini Dodoma, taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyoonyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulianzia kwenye cheti cha kidato cha nne, cha kidato cha sita na cha ualimu. Hakuna aliyeulizwa shule yake ilikuwa na sifa gani. Lililoulizwa ni kama cheti ni cha kweli na ni chake. Tuzingatie jambo hilo tunapobishana juu ya shahada za juu. Msingi wa utumishi wa mtu unaweza kuwa karatasi aliyoipata akiwa na miaka 18.

Kwa hiyo, kwa mwalimu na mtumishi wa serikali, jibu la kisheria ni kwamba shahada ya kwanza ina uzito zaidi kwa kuwa ndiyo inayomwingiza kazini, na jina la chuo, cha kwanza au cha pili, halimo katika hesabu. Shahada ya pili huhitajika kwa baadhi ya vyeo na kwa baadhi ya fani. Pale inapohitajika, inahitajika kwa kile inachofundisha.

VYUONI KUNA DESTURI YAKE

Upo mlango mmoja wa umma ambao mambo yake ni tofauti kidogo, nao ni wa ualimu wa chuo kikuu. Naueleza kwa sababu walimu wengi wa sekondari huusogelea bila kuujua. Matangazo mengi ya nafasi za wahadhiri wasaidizi wa ngazi ya chini yametaka wastani wa alama 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Wako watu wenye shahada ya pili nzuri, kutoka chuo kizuri, waliogonga mlango huo wakaambiwa warudi, kwa sababu miaka kumi iliyopita, wakiwa vijana, walipata 3.4. Hapa shahada ya kwanza ina nguvu ya ajabu, lakini nguvu hiyo iko katika alama, na jina halina neno. Mwanafunzi anayekwenda chuo kinachovuma na kupata alama za kujikongoja amejifungia mlango ambao mwenzake wa chuo kidogo, mwenye alama za juu, ameuacha wazi.

Akishaingia, mizani inageuka. Katika utafiti, wenzake watamuuliza alisomea wapi udaktari, chini ya nani, na ameandika nini. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alipata daraja la tatu katika mtihani wa sekondari wa Cambridge na hakupata nafasi Makerere. Baadaye alisoma Manchester, akaenda Columbia, kisha Oxford, na katika miaka ya 1960 akawa profesa katika Makerere ile ile ambayo haikumpokea akiwa mwanafunzi. Wangari Maathai wa Kenya alipata shahada ya kwanza mwaka 1964 katika chuo kidogo cha wanawake kilichoitwa Mount St. Scholastica, katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Shahada ya pili aliipata Pittsburgh mwaka 1966, na udaktari Nairobi mwaka 1971. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na waliompa waliangalia miti aliyoipanda pamoja na wanawake wa vijijini, na haki alizozipigania. Nadhani si wengi miongoni mwetu waliopata kukisikia kile chuo cha Kansas.

MLANGO WA UANI

Lakini nisiwadanganye, ndugu zangu. Nikiishia hapo nitakuwa nimesema yaliyoandikwa na kuficha yanayotendeka. Jina la chuo lililotolewa kwa mlango wa mbele hurudi kwa mlango wa uani, na hurudi kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni watu. Waliosoma pamoja wanafahamiana. Mmoja akiwa mkurugenzi, mwingine atajua kwamba nafasi ya mradi inakuja kabla tangazo halijabandikwa. Mahusiano hayo hujengwa zaidi katika shahada ya kwanza, kwa sababu miaka mitatu au minne ya bwenini, ya kula pamoja na kukosa hela pamoja, huwafunga watu kuliko mihadhara ya jioni ya shahada ya pili ambayo kila mtu huikimbilia akitoka kazini na kuiacha akiwahi daladala. Njia ya pili ni mazoea ya baadhi ya makampuni na mashirika ya kimataifa, ambayo hupunguza rundo la barua za maombi kwa kutazama majina wanayoyajua.

Je, faida hiyo ni ya nani? Wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha utafiti wenye mafunzo makubwa mwaka 2002. Waliwalinganisha vijana waliokuwa wamekubaliwa na vyuo vya namna moja, lakini wengine wakaenda chuo cha fahari na wengine wakachagua cha kawaida. Waliona kwamba miaka mingi baadaye kipato cha makundi hayo hakikuachana sana. Kijana hodari alibaki hodari. Ila waliona pia kwamba watoto wa familia maskini walinufaika kwa kwenda vyuo vya fahari. Sababu yake si ngumu kuiona. Mtoto wa tajiri ana mjomba wizarani kabla hajaanza darasa la kwanza. Mtoto wa mkulima anakutana na mtu wa kumwonyesha njia kwa mara ya kwanza chuoni.

Hapo ndipo penye uzito wa haki. Tukiruhusu jina la chuo cha kwanza liamue, tunamhukumu mtu kwa mtihani wa kidato cha sita, yaani kwa shule aliyosoma, kwa mwalimu wa hesabu aliyekuwepo au asiyekuwepo, kwa umbali wa kutembea kila asubuhi. Tukiruhusu jina la chuo cha pili liamue, tunaiweka nafasi ya pili sokoni, anunue mwenye fedha. Kwa vyovyote vile, anayebaki nje ni yule yule.

Nchi yetu ilipata kujaribu kulitatua jambo hili kwa njia yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana waliomaliza kidato cha sita watumikie taifa na kufanya kazi kwa muda kabla ya kwenda chuo kikuu, na kazi yao ipimwe wanapochaguliwa. Utaratibu ule ulikuwa na matatizo yake, ukalegezwa na hatimaye ukaachwa. Sisemi urudi. Nasema ulibeba wazo moja la kufikiri, kwamba mtu aweza kupimwa kwa alivyofanya kazi mbele ya wenzake, na kipimo hicho kikawa na uzito kama cheti.

USHAURI KWA MWALIMU NA MTUMISHI

Kwa ndugu aliyemo katika utumishi na anafikiria shahada ya pili, nina maneno machache.

Asome kwanza muundo wa utumishi wa kada yake, karatasi yenyewe, asitegemee habari za kwenye baraza. Aone kama cheo anachokilenga kinadai shahada ya pili, na ya fani gani. Wako waliosoma utawala wa biashara kwa sababu jina lake linapendeza, kumbe muundo wa kada yao unataka elimu ya mitaala au upimaji. Kama anakwenda ng'ambo, au anasoma chuo cha ng'ambo akiwa hapa hapa, aulize Tume ya Vyuo Vikuu kabla ya kulipa ada, kwa kuwa shahada isiyotambuliwa haitamfaa kitu kazini, hata chuo kiwe na mnara mrefu namna gani. Ahakikishe ana ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri wake. Halafu aulize nani atakayemfundisha na kumsimamia. Msimamizi mmoja anayesoma kazi yako ukurasa kwa ukurasa ana faida kuliko jina kubwa ambalo mwenyewe hupatikani naye mara moja kwa muhula.

Na kama lengo lake ni jina tu, afanye hesabu ya nyumbani. Ada, nauli, karo za watoto, makato ya asilimia 15, na riba ya benki kwa upande mmoja. Kwa upande wa pili aandike nyongeza ya mshahara ambayo jina hilo litamletea katika utumishi wa umma. Nimekwisha kusema kiasi chake ni sifuri. Elimu yenyewe ni kitu kingine, na mtu akiitaka kwa ajili ya wanafunzi wake au kazi yake, aitafute kwa bidii zote.

Kwa mwalimu wa kidato cha sita nasema hivi: usimwambie mwanafunzi aliyepangiwa chuo kisichovuma kwamba amepotea. Mwambie atafute alama za juu, kwa sababu hizo zitamfuata miaka yote. Mwambie asikose maktaba, na asiogope kumgongea mhadhiri mlango. Mwambie ajenge urafiki na wenzake, maana hao ndio watakaokuwa wakurugenzi wa kesho. Na yule aliyepata chuo kinachovuma mkumbushe kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa ya chuo ilijengwa na waliopita kabla yake, na yeye hajaongeza tofali hata moja bado.

SISI NDIO MABAWABU

Mwisho, ndugu Mwenyekiti, nageukia sisi tuliomo humu ukumbini. Tumezungumza juu ya bawabu kana kwamba ni mtu wa mbali. Wengi wetu hapa tumewahi kuketi katika jopo la usaili, au kuandika barua ya mapendekezo, au kupendekeza nani aende semina na nani akaimu nafasi ya mkuu wa idara. Utaratibu wa ajira hauangalii jina la chuo. Swali ni kama tunatii tunapokuwa peke yetu mle chumbani, pale mmoja wetu anapofungua jalada na kusema, "Huyu ni wa kwetu," akiwa na maana kwamba walisoma chuo kimoja.

Neno hilo dogo ndilo mlango wa uani niliousema. Linampa kazi aliyekuwa na bahati mara moja, ili awe na bahati mara ya pili. Na linamnyima mwalimu wa shule ya kata, aliyejifunza kwa taa ya chemli, akapata shahada ya kwanza chuo kidogo na ya pili kwa masomo ya huria usiku baada ya kusahihisha madaftari 90. Huyo hana wa kumwita wa kwetu. Anatutegemea tufungue kazi yake tuisome.

Naomba basi, tutakapoketi tena katika jopo, tuanze na majibu ya mtihani na taarifa ya kazi aliyoifanya mtu, na jina la chuo tulisome mwisho, kwa ajili ya kuhakikisha tu kwamba chuo kinatambuliwa. Ni jambo dogo la utaratibu, halihitaji bajeti wala waraka mpya. Tukilifanya, kijana tuliyemtaja mwanzoni, yule wa chuo ambacho jirani zake hawakijui, tutaweza kumjibu bila kumdanganya kwamba mlango uko wazi.